Mke wangu anajificha garini kutazama filamu za Krismasi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na aibu, kwa sababu kila ninapojaribu kuwaeleza wanaume wenzangu kanisani jambo hili, huanza kucheka kabla sijafika katikati. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, mke wangu ni wa Marangu, Kilimanjaro, na huu ni mwaka wetu wa kumi na moja tukiishi Minnesota, Marekani, pamoja na watoto wetu wawili. Mimi ni dereva wa lori, naye ni mhudumu katika makao ya wazee, ambako mara nyingi hufanya zamu mbili kwa siku moja.

Kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kupukutika na hata kabla Novemba haijaingia, chaneli fulani za hapa huanza kuonyesha filamu za mapenzi za Krismasi, usiku na mchana, hadi mwaka unapokwisha. Mke wangu alizijulia kazini, kwa kuwa runinga ya sebule ya wazee haizimwi na wala haibadilishwi kutoka kwenye chaneli hiyo. Kisha akazileta nyumbani. Hadithi ni ile ile kila siku: msichana mwenye kazi kubwa jijini anarudi katika mji mdogo alikozaliwa, anakutana na kijana wa shati la drafti mwenye shamba la miti ya Krismasi au duka la mikate aliloachiwa na baba yake, wanapendana bila kuambiana, wanakosana kwa neno dogo, theluji inaanguka, wanapatana, wanabusiana, imekwisha. Siku moja, nikiwa jikoni, nilimtabiria mwisho wa filamu tatu mfululizo bila kuona hata sura ya mwigizaji mmoja, na zote nilipatia.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mke wangu anaichukia theluji. Kila asubuhi ya Januari analalamika wakati ninachota theluji kwa koleo ili gari litoke, lakini jioni anaketi na kuitazama ikianguka kwenye kioo cha runinga kana kwamba hajawahi kuiona. Fedha nazo zinaniuma. Tunajibana kwa kila kitu, miaka tisa hatujakanyaga nyumbani kwa sababu nauli ya watu wanne haishikiki, na bado tunazilipia chaneli hizo. Krismasi yenyewe hatuipati pamoja, kwa kuwa siku hiyo yeye huchukua zamu, malipo yakiwa mara moja na nusu ya kawaida.

Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka safari ya siku mbili nikiwa nimechoka, nikamkuta analia mbele ya filamu mojawapo. Nilimwambia, watoto wakisikia, kwamba mtu mzima anayelilia sinema za kitoto ana kasoro, na kwamba kama anamtaka mwanamume wa shati la drafti, mlango uko wazi, aende akamtafute. Hakunijibu. Alichukua rimoti, akazima runinga, akaenda kukunja nguo. Tangu siku hiyo hajaiwasha tena, nami nilidhani mambo yamekwisha.

Alhamisi iliyofuata niliona gari lake likiingia kwenye maegesho saa tano kasoro usiku, lakini hakupanda juu nyumbani. Nilichungulia dirishani nikaona mwanga wa simu ukimulika uso wake ndani ya gari. Alikaa pale karibu saa nzima. Amekwisha kufanya hivyo mara nne ninazozijua, na binti yetu wa miaka kumi na mmoja ameniuliza kwa nini mama hukaa nje usiku.

Shangazi, ndani ya filamu hizi kuna nini? Je, ni dalili kwamba mapenzi yangu yamemwisha na sasa anamtafuta mwingine hata kama ni wa kwenye kioo? Nimwambie nini, au nimwache?

Baba Watoto, Minnesota

*

Marahaba, mwanangu.

Siwezi kuapa juu ya moyo wa mtu ambaye hajaniandikia, na mke wako peke yake ndiye atakayekuambia anachokiona katika filamu hizo. Lakini barua yako ina mambo mawili uliyoyataja kama malalamiko ya fedha tu, nami nimeyasoma mara tatu. La kwanza ni kwamba miaka tisa hamjafika nyumbani. La pili ni kwamba yeye ni wa Marangu. Nitayarudia, lakini kwanza nikujibu uliloniuliza, kwa maana umeuliza swali la haki, na wengi huliuliza kwa dharau tu bila kusubiri jibu.

Unasema ulitabiri mwisho wa filamu tatu ukiwa jikoni, kana kwamba kwa kufanya hivyo ulizifichua kuwa hazina kitu. Kumbuka ulivyokuwa mtoto Muheza. Bibi aliposema paukwa, nanyi mkaitikia pakawa, ni nani kati yenu ambaye hakujua kwamba Sungura atamshinda Fisi? Mlijua, na kama bibi angethubutu kumwacha Fisi ashinde mngemkatiza na kumtaka arudi nyuma aisimulie vizuri. Mwisho unaojulikana haukuwahi kuwa upungufu wa hadithi. Ndio unaomruhusu msikilizaji kuegemea nyuma na kuacha kuogopa, ili sasa asikilize sauti, vituko, na namna hadithi inavyopinda kabla ya kufika pale pale.

Wanaotengeneza filamu hizi wanalijua hilo na hawalifichi. Kila filamu hupangwa iingie katika nafasi ya saa mbili pamoja na matangazo ya biashara, hivyo yenyewe ina takriban dakika 84, na hukatwa katika sehemu tisa ili kila tangazo liingie pale mtazamaji anapotaka kujua kidogo zaidi. Wapendanao hukaribia kubusiana mapema, kisha simu inalia au mtoto anaingia. Ugomvi huja katika nusu saa ya mwisho. Busu la kweli husubiri mpaka dakika za mwisho kabisa. Huo ni ufundi, kama ulivyo ufundi wa mshairi anayefungwa na vina na mizani na bado akapata la kusema.

Sasa mfikirie mtu anayeshinda katika makao ya wazee. Anayemlisha uji asubuhi huenda jioni kitanda chake kikawa kimetandikwa upya. Anayemwita kwa jina leo, kesho atamwuliza yeye ni nani. Hakuna siku katika kazi hiyo ambayo mwisho wake unajulikana, na zaidi ya zote hakuna anayemwuliza mhudumu kama yeye mwenyewe amebeba nini anapotoka mlangoni. Na ukiziangalia filamu hizo kwa makini utagundua kwamba hazikimbii msiba kama watu wanavyodhani. Mara nyingi sana msichana amefiwa na mama yake, au kijana ni mjane anayemlea mtoto peke yake, ila kifo hicho kimetokea kabla hadithi haijaanza. Filamu inashughulika na yanayofuata: nani atatundika pambo la marehemu kwenye mti mwaka huu, nani atapika kwa mapishi yake. Nadhani hapo ndipo machozi yanapotoka, na si machozi ya kitoto. Kazini haruhusiwi kulia.

Niseme pia chanzo cha filamu hizi, kwa sababu kinasaidia kujibu swali lako. Chaneli iliyozifanya kuwa desturi ya Marekani inaitwa Hallmark, na Hallmark ilianza kama biashara ya kadi. Mwaka 1910 kijana aliyeitwa Joyce Hall alifika Kansas City akiwa na masanduku mawili ya viatu yaliyojaa kadi za posta, akaanza kuziuza. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1951 kampuni hiyo ilidhamini opera ya Krismasi iliyotungwa mahususi kwa ajili ya runinga, na hapo ikaanza safari yake ndefu ya michezo ya kuigiza. Chaneli yenye jina lake ilizaliwa mwaka 2001, na mwaka 2009 ikaanzisha msimu maalumu wa kuhesabu siku kuelekea Krismasi, ambao sasa huanza Oktoba. Kulikuwa na miaka ambapo filamu mpya za msimu mmoja katika chaneli za kampuni hiyo zilifika 40. Wengine waliona, wakafuata: Lifetime, Netflix na wengineo.

Lakini fikiria maana ya kadi. Kadi hununuliwa na mtu aliye mbali, ambaye angependa kuwapo na hawezi, na ambaye anatafuta maneno ya kusema kile ambacho kinywa chake kinakishindwa. Biashara ya kampuni hiyo tangu siku ya kwanza imekuwa umbali kati ya watu wanaopendana. Filamu zimeichukua kazi ya kadi na kuiendeleza, na kwa hiyo sishangai kwamba zinampata mwanamke aliye bara jingine na mama yake.

Kuhusu theluji, nayo ina maelezo mafupi. Nyingi za filamu hizi hupigwa Kanada, hasa katika miji midogo iliyo karibu na Vancouver na mingine ya jimbo la Ontario, ambako gharama ni nafuu, na hukamilika kwa takriban wiki mbili au tatu. Nyingi hupigwa katika majira ya joto, waigizaji wakivaa makoti mazito juani, na theluji unayoiona hutengenezwa kwa povu, karatasi, barafu iliyosagwa na blanketi nyeupe zilizotandazwa juu ya nyasi. Kwa hiyo mke wako hajipingi. Theluji ya Minnesota ni ya koleo, ya barabara zenye utelezi baada ya zamu ya usiku, ya mshahara unaokatwa gari likikwama. Ile ya filamu kazi yake ni moja tu: kuwazuia watu wasiondoke. Ndege haziruki, barabara zimefungwa, na msichana aliyepanga kukaa siku mbili kwa wazazi wake analazimika kukaa mpaka Krismasi. Hakuna bosi anayeweza kumlaumu. Mwanangu, mtu ambaye hajapata likizo ya Desemba kwa miaka hiyo yote akiona jambo kama hilo atageuza macho vipi?

Na sasa nirudi Marangu.

Wewe umekulia Tanga, ambako Krismasi ni ibada, pilau, nguo mpya na kutembeleana, na siku inayofuata maisha yanaendelea. Kwa Wachagga kama mke wako, Desemba ni kitu kingine. Unajua utani wanaotaniwa nchi nzima, kwamba mwezi huo Mchagga anakwenda kuhesabiwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari hupanga foleni kuelekea Moshi, na hata treni ya abiria ya njia hiyo, iliyokuwa imelala kwa zaidi ya miaka 20, iliporejeshwa mwaka 2019 ilirejeshwa mwezi wa Desemba. Wanaofanya kazi Mwanza, Arusha, Mbeya na Nairobi wanapanda mlima kurudi kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa, ambako baba na babu wamezikwa. Nyama inachinjwa na kila kipande kina mwenyewe kwa mujibu wa ukoo. Harusi, ubatizo na kipaimara husubiri mwezi huo kwa sababu ndio mwezi ambao watu wote wapo. Na wazee kweli huhesabu, kwa macho tu: huyu amekuja, huyu hakuja, huyu ameongeza mtoto.

Sidhani kama neno hilo ni utani mtupu. Hata katika Injili ya Luka, Yusufu na Mariamu waliingia Bethlehemu kwa sababu kila mtu alitakiwa kwenda kuandikwa katika mji wa kwao. Hadithi ya kwanza ya Krismasi ni ya watu waliosafiri kwenda kuhesabiwa kwao.

Soma tena namna ulivyonieleza filamu zile: msichana mwenye kazi mbali anarudi mji mdogo alikozaliwa. Ulisema hadithi ni ile ile kila siku, nawe ukaona uchovu wa watunzi. Mke wako, kwa kadiri ninavyoweza kukisia, anaona Desemba ya Marangu imevikwa makoti ya Kimarekani. Anamwona binti akishuka kwenye gari na mizigo yake, mama anatoka jikoni akifuta mikono, jirani anauliza mbona umekonda, na mji mzima unamjua kwa jina la baba yake. Kwa miaka tisa wazee wamehesabu na yeye hakuwapo. Pengine kijana wa shati la drafti ndiye ambaye mke wako anamjali kidogo kuliko wote katika filamu nzima.

Hata hivyo sitaki kumwondoa kijana huyo kirahisi, kwa sababu umemwonea wivu na wivu wako si wa bure. Mtazame anafanya nini. Si tajiri, mara nyingine hata duka lake linakaribia kufungwa. Anachokuwa nacho ni muda. Anabeba mti mpaka ndani, anashika ngazi msichana akitundika taa, na neno dogo alilolisikia mwanzoni, kwamba mama yake alikuwa akiweka mdalasini kwenye chokoleti ya moto, analikumbuka dakika ya sabini na kulitenda. Wewe na mke wako mnapishana mlangoni, mmoja akitoka safari na mwingine akiingia zamu. Ikiwa kuna kitu anachokitamani kwa kijana yule, nadhani ni kile kikombe.

Siziungi mkono filamu hizi kwa kila kitu. Kwa miaka mingi wahusika wake wakuu walikuwa karibu wote wazungu, na Hallmark ililaumiwa waziwazi kwa hilo kabla ya kuanza kubadilika. Ndani yake hakuna mtu anayepiga hesabu ya nauli, wala anayelea wazazi wa wengine ili wake walipiwe dawa. Mtu akizitazama ili kuipima ndoa yake atajidhulumu, kwa kuwa zinaisha pale ndoa inapoanzia. Lakini hujaniambia kwamba mke wako anakupima kwa filamu. Umeniambia analia, anakunja nguo na kunyamaza.

Mwaka 2017 Netflix iliandika hadharani kuhusu watu 53 waliokuwa wameitazama filamu yake moja ya Krismasi kila siku kwa siku 18, ikawauliza: ni nani aliyewaumiza? Wengi walicheka, na wengi walikasirika, kwa kuwa kampuni ilikuwa imewachungulia wateja wake na kuwafanyia dhihaka kwa ajili ya kitu kilichowapa faraja. Wewe ulimwuliza mke wako swali lile lile kwa maneno makali zaidi, na watoto wakiwapo. Tofauti ni kwamba kwenu anayeuliza ndiye aliyeumiza.

Kwa hiyo anza hapo. Usimwombe msamaha wa jumla wa kusema kama nimekukosea. Mtajie maneno mawili uliyoyasema, la kasoro na la mlango, na umwambie kwamba yote mawili hayakuwa kweli. Kwa kuwa watoto waliyasikia, wasikie na hili. Usilitaje lile la garini kwanza, wala usimwambie kwamba ulikuwa ukichungulia na kuhesabu usiku, mpaka yeye mwenyewe alizungumze. Atajisikia amepelelezwa, na amekwisha kuaibishwa vya kutosha.

Kisha, siku moja mkiwa na jioni iliyo yenu, mwombe akuchagulie filamu anayoipenda, uitazame yote. Simu iweke chumbani. Usitabiri. Ikiisha usimwulize kwa nini unapenda hizi, kwa kuwa swali hilo linamtaka ajitetee. Mwulize Desemba yao ilikuwaje alipokuwa na umri wa binti yenu: nani alichinja, walilala wangapi chumba kimoja, kihamba kilinukaje asubuhi. Mwache aseme, hata ikifika usiku wa manane. Inawezekana nimekosea kabisa na atakuambia kwamba anapenda tu hadithi za mapenzi, na hilo nalo litoshe. Mtu aliyesimama saa 16 ana haki ya kupenda kitu bila kutoa sababu.

Nikiwa nimepatia, basi kuna hesabu ya kupigwa. Nauli ya watu wanne katikati ya Desemba ndiyo ya juu kuliko zote, lakini hamlazimiki kuwa wanne. Tafuteni kwa pamoja itagharimu kiasi gani yeye kwenda na binti yenu mwaka ujao, nawe ubaki na mdogo, na muanze kuiwekea kando sasa hivi, kwa jina lake, hata kama ni kidogo kwa mwezi. Akubali mwenyewe, usimpangie. Usimwahidi tarehe usiyoweza kuitimiza, kwa sababu kuahirishwa mara nyingine kutauma kuliko kutoahidiwa. Na Krismasi hii, kabla ratiba ya zamu haijafungwa, pigeni hesabu ya ile moja na nusu: ni dola ngapi hasa mkishakatwa kodi, na je, mnaweza kuishi bila hizo kwa siku moja? Kama haiwezekani, itengenezeni siku nyingine iwe Krismasi yenu, mpike machalari yake ya ndizi na nyama na pilau lako, na mpige simu Marangu saa ambazo huko watu wamekusanyika, ili simu izungushwe kutoka mkono hadi mkono na kila mzee amwone yeye na watoto.

Hayo yatachukua wiki kadhaa. Usiku wa leo, ukiona gari limeingia na hapandi, chemsha chai ya tangawizi, uimimine kwenye chupa, chukua blanketi, ushuke. Gonga kioo polepole ili usimshtue. Mpe, umwambie runinga ya ndani ni kubwa zaidi na kwamba umemwekea nafasi kwenye kochi. Akitaka kuimalizia hapo hapo garini, mwachie chupa na urudi juu. Akikufungulia mlango wa pili, ingia ukae.